Johann Ludwig Krapf, Mgeni Aliyekubali Kufundishwa

Jina la Dokta Krapf si geni katika sharika zetu, lakini mara nyingi hutajwa katika habari za milima. Tunafundishwa ya kuwa mwenzake Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na ya kuwa yeye mwenyewe aliuona mlima Kenya mwaka 1849. Habari hizo ni za kweli, nazo ziliwapatia sifa huko Ulaya. Mwezi huu nataka kuwaeleza jambo jingine, lililo dogo machoni pa watu wa ramani, nalo ni jinsi mtu huyu alivyofika katika pwani hii akiwa hana lugha ya wenyeji, akakubali kuketi chini kama mtoto wa chuo na kufundishwa. Nadhani karibu yote yaliyodumu katika kazi yake yalitoka katika kuketi kule.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg iliyo kusini ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa kijana mdogo alipigwa sana na jirani kwa kosa asilolifanya, akalala kitandani muda mrefu, na katika kulala kwake akasoma Biblia mpaka ikawa chakula chake. Baadaye akatiwa katika shule ya Kilatini mjini Tübingen, akajifunza Kilatini, Kiyunani na Kiebrania, na lugha nyingine za Ulaya juu yake. Huko shuleni aliitazama ramani ya Afrika akaona upande wa mashariki una majina machache sana, akashangaa kama nchi ile haina watu. Mwaka 1827 aliingia chuo cha wamisionari huko Basel, akatoka mwaka 1829 kwa mashaka ya moyo, akasoma elimu ya Mungu Tübingen, akawa mchungaji msaidizi kwao. Lakini wito wa kwanza haukumwacha. Mwaka 1837 akasafiri kwenda Uhabeshi, akitumwa na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza. Msishangae Mlutheri kutumwa na Waingereza. Siku zile Waingereza walikuwa na fedha kuliko watu wa kupeleka, na Württemberg ilikuwa na watu kuliko fedha.

Huko Uhabeshi alijifunza Kiamhara, na lugha ya zamani ya Kanisa la nchi ile iitwayo Kige'ez. Tangu mwaka 1839 alikaa katika nchi ya Shoa, kwa mfalme Sahle Selassie, na huko akakutana na Waoromo, ambao vitabu vya kale viliwaita Wagala. Akajifunza na lugha yao, akaanza kufasiri Injili. Hata mwaka 1842 alipokuwa akirudi pwani ya Bahari ya Shamu, mkubwa mmoja wa Wollo, jina lake Adara Bille, alimkamata akamnyang'anya mali zake zote. Akaendelea na njia kama maskini, akila alichopewa na watu wa vijijini, mpaka akafika Massawa. Maneno aliyoyajua ya watu wale yalikuwa mali pekee ambayo Adara Bille hakuweza kuichukua. Mwaka ule ule akamwoa Rosine Dietrich huko Alexandria, na mwaka 1843 wakajaribu kuingia Uhabeshi pamoja, wakakataliwa. Katika safari ile mkewe alijifungua njiani, jangwani, kabla ya siku zake, na mtoto akafa. Walimwita Eneba, maana yake chozi, kwa lugha ya Kiamhara. Nawaomba mlitazame jambo hili. Katika saa ya huzuni kubwa kuliko zote, mtu huyu hakumpa mtoto wake jina la Kijerumani. Alimpa jina ambalo watu wa nchi wangelisikia na kuelewa kilio kilichomo.

Basi, alipofungiwa mlango wa kaskazini akafanya shauri la kuwafikia Waoromo kwa njia ya kusini, yaani kwa pwani ya Waswahili. Mwezi wa Novemba 1843 wakatoka Aden kwa jahazi, wakaokoka kwa shida katika chombo kilichojaa maji, wakapanda kingine, na mwanzo wa Januari 1844 wakafika Unguja. Sayyid Said bin Sultan aliwapokea vema, akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa wakubwa wa pwani. Kabla ya nusu ya mwaka kwisha, Krapf na mkewe walikuwa wamekaa Mombasa. Angalieni, basi, ya kuwa Kiswahili hakikuwa haja yake. Alikitaka kama ngazi tu, apande apite, aende zake kwa Waoromo.

Barua ya Sultani ilikuwa na nguvu. Ilimfungulia boma na forodha, na kila liwali alimpa kiti. Lakini barua haiwezi kumpa mgeni jirani. Mtu mwenye barua huogopwa au huheshimiwa. Hakuna amwambiaye bei ya kweli ya mchele, wala amwonyaye juu ya maji mabaya, wala amwitaye msibani. Tena Krapf alijua Kiarabu, nacho kilimtosha kusemezana na wakubwa wote wa Mombasa. Angaliweza kukaa juu ya Kiarabu chake miaka kumi bila kujisumbua, na nyumba yake ingalikuwa kisiwa ndani ya kisiwa. Wageni wa namna hiyo tumewaona, wala si Wazungu peke yao.

Yeye alifanya vingine. Alimwendea kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin, mtu wa elimu, akawa mwanafunzi wake. Kiarabu kikawa daraja kati yao. Wakati ule hapakuwa na kamusi ya Kiswahili wala kitabu cha sarufi cha kumsaidia mgeni. Palikuwa na mashairi na tenzi nzuri zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini mambo hayo si ya mtu anayeanza. Ilimpasa kuyakusanya maneno moja moja kutoka vinywani mwa watu na kuyaandika, akiyapanga upya kila alipoambiwa amekosea. Na tarehe 8 Juni 1844, akiwa na miezi michache tu katika pwani hii, alianza pamoja na kadhi kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.

Ninyi mliokulia pwani mwajua uzito wa jambo hili. Kwa desturi za Tanga na Pangani na Mombasa, mtu aliyekufundisha hata herufi moja ni mwalimu wako siku zote, nawe una haki kwake naye ana haki kwako. Mzungu mwenye barua ya Sultani alipoketi mbele ya Sheikh, alijitia katika kifungo hicho kwa hiari yake. Hawakuwa na imani moja, wala hakuna hata mmoja aliyeificha yake. Sheikh Ali hakuwa Mkristo, wala hakuwa mtu wa kudanganywa juu ya nia ya mgeni wake. Hata hivyo wakatafuta pamoja neno la kufaa kwa nuru na giza, kwa gharika, kwa agano, kwa habari za Ibrahimu aliyetoka katika nchi yake na jamaa zake akakaa ugenini. Mimi sijui mahali pengine katika historia ya Kanisa letu ambapo mgeni na mwenyeji walikaribiana namna ile mapema vile. Ukarimu wa Sheikh yule nasi tuna deni nao, maana bila yeye kazi ile isingalianza.

Mwezi mmoja baadaye homa ikaingia nyumbani. Tarehe 6 Julai 1844 Rosine alijifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 akafariki, na mtoto akamfuata katika siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa sana. Mkewe alikuwa amemwomba amzike upande wa bara, karibu na njia, ili Waswahili na watu wa Nyika wapitao wakumbuke kwa nini watu hawa walikuja. Akamzika huko, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo kaburi hutazamwa na wageni mpaka leo. Akawaandikia wakubwa wa chama chake ya kuwa sasa wana kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwa hiyo vita imeanza na ushindi umekaribia. Maneno hayo yamesomwa sana. Mimi hutazama zaidi aliyoyafanya baadaye. Hakupanda chombo kurudi kwao. Akarudi kwenye maneno yake na karatasi zake. Sura tatu za kwanza za Mwanzo zilichapwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la chama cha wataalamu wa lugha za Mashariki. Kwa hiyo watu wa mbali walikisoma Kiswahili cha Mombasa kwa herufi za Kirumi kabla watu wa pwani wenyewe hawajaandikiwa kitabu kwa herufi hizo.

Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, Mwürttemberg mwenzake, na mwezi wa Agosti wakahamia Rabai Mpya, penye vilima nyuma ya Mombasa, wote wawili wakitetemeka kwa homa siku ile ya safari. Wazee wa Rabai waliwapa ruhusa ya kukaa. Hapo Krapf akaona ya kuwa Kiswahili peke yake hakitoshi, ingawa kilimsaidia, maana lugha ya Warabai na Kiswahili ni ndugu. Akaanza tena kujifunza. Injili ya Luka katika lugha ile ikachapwa Bombay mwaka 1848. Baadaye akashika na Kikamba, na mwaka 1850 Injili ya Marko kwa Kikamba ikachapwa Tübingen. Matunda mengine yalikuwa machache. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, aliyekuwa kiwete na mgonjwa, alibatizwa mwaka 1851, akafa. Mtu atakaye kuhesabu ushindi kwa idadi ya watu hatapata cha kuhesabu hapa.

Sasa nizungumze habari za upande wetu. Mwaka 1848 Krapf alikwenda Usambara kwa nchi kavu kutoka Mombasa, akafika kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai aliyekaa Vuga. Wakati ule nguvu ya Wakilindi haikuishia milimani, bali iliteremka mpaka pwani. Mwezi wa Februari 1852 akaja mara ya pili, safari hii kwa chombo mpaka Pangani, akapanda tena Vuga. Lugha ya Vuga ni Kishambaa, lakini watu wa pwani walikuwa wakipanda na kushuka kwa biashara, na baadhi ya wana wa Kimweri walikuwa wamekwisha kuingia Uislamu, hata Kiswahili kilikuwa na masikio katika baraza la mfalme. Krapf hakuja na jeshi wala hakuwa na bidhaa nyingi. Alikuja na maneno. Aliomba mahali pa kukaa walimu, na Kimweri akakubali kuwapa mahali katika kilima cha Tongwe, kati ya milima na bahari.

Mngedhani ya kuwa hapo ndipo habari ya Usambara ilipoanza kuwa njema. Sivyo. Mwaka 1853 Jakob Erhardt, mwenzake Krapf, alikwenda Vuga akakaa yapata miezi mitatu akijifunza lugha, lakini hakuruhusiwa kuendelea kukaa. Tongwe nako hapakujengwa nyumba ya walimu. Mwingereza Burton alipopita huko mwaka 1857 alikuta ngome yenye askari wa Sultani. Kujua lugha humpa mgeni mlango na sikio. Hakumpi nchi, wala hakuyaondoi mashaka ya wenyeji juu ya haja yake. Na wenyeji wa pwani na milima, tukisema kwa haki, hawakukosa sababu za kuogopa watu waliokuja kuchungulia njia zao.

Lakini Erhardt hakupoteza safari yake. Mwaka 1854 alikaa Tanga kwa miezi kadhaa. Tanga ya siku zile ilikuwa mji wa misafara, na watu wake walikwenda mpaka Umasai na mbali zaidi kutafuta pembe. Erhardt akaketi nao. Kwa sababu aliweza kusema nao kwa lugha yao wenyewe, walimweleza vituo na siku za mwendo, na habari za maji makubwa yaliyo bara. Kwa habari hizo, pamoja na zile alizozikusanya Rebmann, ikatengenezwa ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ziwa lile halikuwa vile, kwa kuwa maziwa matatu yalikuwa yameunganishwa kuwa moja. Lakini ramani ile iliwasukuma wataalamu wa London kuwatuma Burton na Speke, ambao mwaka 1858 waliyaona maji ya Tanganyika, na Speke yale ya Viktoria. Wasafiri hao wana sifa yao. Wazee wa Tanga walioeleza njia barazani hawatajwi, nami nimeona si vibaya wakatajwa mara moja katika gazeti la kwao.

Hapa niseme neno kwa wainjilisti wenzangu. Wapo kati yetu watu waliohamishwa kutoka mlimani kwenda pwani, au kutoka pwani kwenda kwa watu wa lugha nyingine, ambao mwaka wa tatu bado husimama na mkalimani ubavuni. Mkalimani mwema ni zawadi ya Mungu. Lakini mkalimani haji nawe usiku unapoitwa kwa mgonjwa, na mjane hawezi kumweleza mambo yake ya siri akijua kesho yatajulikana kisimani. Katika mashamba ya mkonge, ambao uliletwa karibu na Pangani mwaka 1893, walikuja baadaye watu wa makabila mengi sana, manamba kutoka mbali, kila mmoja na lugha ya mama yake. Hawakuwa na kadhi wa kuwafundisha wala daftari la kuandikia. Lakini walijifunza Kiswahili kambini na sokoni, na kwa lugha hiyo wakaoana, wakafanyiana udhamini, wakazikana, na katika makanisa ya mashamba wakaimba pamoja. Mtu asiyeijua lugha ile hakudhulumiwa ujira tu. Alikuwa mpweke hata siku ya kufa kwake.

Nirudi kwa Krapf. Alikuwa mtu wa kwenda. Mawazo yake yalikuwa daima ya mnyororo wa vituo vya misioni kutoka bahari mpaka bahari, na kila alipofika mahali moyo wake ulikuwa umekwisha kufika mbele. Mwaka 1851 safari yake ya pili ya Ukambani ilikaribia kumwua: mwenyeji wake, mkubwa Kivoi, aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, na Krapf akakimbilia porini peke yake, akichukua maji ndani ya mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa darubini. Rebmann hakupenda mwendo huo. Yeye aliona afadhali kukaa mahali pamoja, akakaa kweli, miaka 29, mpaka akawa kipofu. Walipingana juu ya jambo hili. Nikiulizwa, nitasema ya kuwa katika ulezi wa usharika Rebmann alikuwa na haki zaidi, na ya kuwa Krapf alikaa mahali pamoja katika jambo moja tu, nalo ni lugha. Afya ilipomshinda mwaka 1853 aliiacha pwani, akakaa Kornthal katika nchi yake. Akarudi Afrika mwaka 1861 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi huko Ribe, na tena mwaka 1867 akaenda Uhabeshi kuwa mkalimani wa jeshi la Waingereza, akarudi kwa ugonjwa. Lakini daftari la Kiswahili hakuliacha.

Sarufi yake ya kwanza ya Kiswahili ilitoka Tübingen mwaka 1850, na mwaka huo huo orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki. Alishika shauri la kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na shauri hilo lina faida na hasara; kwa upande mmoja ndilo linalotuwezesha kusoma gazeti hili, na kwa upande mwingine elimu ya wazee walioandika kwa herufi za Kiarabu ilisahauliwa na wengi. Yeye mwenyewe hakuidharau elimu hiyo, maana alikusanya tenzi za zamani akazipeleka Ujerumani zikahifadhiwa. Alikipenda Kimvita, akakihesabu Kiswahili cha Unguja kuwa kimejaa Kiarabu mno. Katika hilo hakufuatwa. Steere alifasiri kwa Kiunguja, na Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Hata hivyo hamu ya kupunguza Kiarabu katika Maandiko haikufa. Tunaiona katika Biblia ya Roehl, aliyekuwa misionari Usambara, iliyotolewa mwaka 1937.

Kazi yake kubwa ilikuwa kamusi. Si kitabu cha maneno tu. Ndani yake mtu hukuta desturi, vyombo, miti, dawa na mambo ya nyumbani, kama alivyoelezwa na watu wa Mombasa na Rabai. Makosa yamo, na wataalamu waliofuata waliyaonyesha. Lakini mtu hawezi kuuliza mambo kama yale bila kukaribishwa nyumbani, na kwa hiyo kila ukurasa ni ushahidi wa watu waliomvumilia mgeni akiwauliza tena na tena jina la kitu kile kile. Alikuwa mzee wa miaka 71 alipoumaliza mswada. Tarehe 26 Novemba 1881 walimkuta chumbani mwake Kornthal, amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa katika maombi. Kamusi ilichapwa London mwaka 1882.

Waoromo, ambao kwa ajili yao alikuja pwani hii, hakuwafikia kwa njia ya kusini kama alivyokusudia. Usambara ilipata walimu wa Injili baada yake. Misioni iliyojulikana baadaye kwa jina la Betheli ilifika Tanga mwaka 1890, na mwaka 1891 Johanssen na Wohlrab wakapanda mpaka Mlalo, wakaomba mahali pa kujenga, wakaanza kujifunza Kishambaa.